Miguu ya Winga Huzeeka Kabla ya Mwenyewe



Katika safu hii ya afya tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya malaria, maji ya kunywa, choo bora na chakula cha mtoto. Leo nataka tuzungumze juu ya mpira. Usigeuze ukurasa ukidhani umekosea. Hapa kwetu Nduguti mpira huleta wagonjwa zahanati, tena wengi kuliko mnavyofikiri, na kila mwaka huongezeka mara tu alizeti inapokwisha kupurwa na vijana wanapopata nafasi ya kucheza.

Katika timu moja ya huku kwetu yuko winga wa kulia ambaye jina lake sitalitaja. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, yeye ndiye tuliyekuwa tukimshangilia. Akipata mpira karibu na mstari, sisi watoto tulikuwa tunahama upande ule wa uwanja na kukimbilia nyuma ya goli, kwa sababu tulijua kuwa atafika huko kabla ya beki. Wazee waliokaa chini ya mti walikuwa wanaacha mazungumzo yao ili wamtazame. Alikuwa na miaka 19 au 20 wakati huo.

Sasa ana miaka 32. Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana alikuja zahanati saa 4 asubuhi huku anachechemea. Saa 10 jioni timu yake ilikuwa na fainali, na zawadi ilikuwa ng'ombe dume. Nyama ya nyuma ya paja la kulia ilikuwa inamuuma tangu Jumatano. Akaniambia, "Daktari, mdogo wangu, nichome sindano ya maumivu. Ni dakika 90 tu." Mimi si daktari. Nina cheti cha mganga msaidizi, ila kijijini kila avaaye koti jeupe huitwa daktari. Nilimpima, nikaona anaruka kwa uso kila nikimgusa paja. Nilijua jibu sahihi. Lakini nje walikuwa wamesimama mwalimu wa timu na vijana sita, wote wananitazama dirishani, na mimi mwenyewe nilikuwa nautaka ule ushindi.

Nilimchoma sindano.

Katika dakika ya 20 hivi alipigiwa pasi ndefu. Akaanza kukimbia kama zamani, hatua tano, sita, kisha akashika paja na kuanguka kama mtu aliyepigwa rungu kwa nyuma. Baada ya siku tatu, mguu ulikuwa mweusi kutoka chini ya tako mpaka nyuma ya goti. Ile ilikuwa damu iliyovuja ndani baada ya nyama kuchanika. Mwezi wa kumi wenzake walipoanza kusafisha mashamba, yeye bado alikuwa anatembea na fimbo. Mkewe ndiye aliyechota maji, akachunga mbuzi, akafyeka shamba peke yake, na ekari moja ya mtama haikulimwa kabisa. Yule dume walimchukua wale wengine.

Sasa sikilizeni yaliyosemwa kijijini. Wa kwanza walisema amerogwa, kwamba wapinzani walifukia kitu karibu na kibendera cha kona. Wa pili wakasema ni pombe na wanawake. Wa tatu, nao ndio walioniumiza zaidi, wakasema amekuwa mvivu, hajitumi tena, anajivunia sifa za zamani. Hakuna hata mmoja aliyesema jambo la wazi kuliko yote: kwamba yule ni mtu wa miaka 32 anayefanya kazi ya mtu wa miaka 22, kwa msuli ambao umekwisha kuchanika mara mbili kabla, na kwamba mganga wa zahanati alikuwa ameunyamazisha msuli huo usiseme.

Maoni yangu ni haya. Mchezaji anayeishi kwa kasi huzeeka mapema kuliko wenzake uwanjani. Hilo ni la maumbile, wala si aibu. Lakini sisi wenyewe, yaani wachezaji, walimu wa timu, watazamaji na hata waganga, tunamzeesha kabla ya siku zake kwa kumchezesha akiwa anaumwa. Afadhali tumbadilishie kazi mapema kuliko kumwacha akichechemea shambani maisha yake yote.

Tuanze na maumbile. Msuli wa paja ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba, maelfu kwa maelfu, kama kamba ya katani iliyosokotwa. Nyuzi hizo ni za aina kuu mbili. Ziko nyuzi za taratibu, ambazo hazina nguvu nyingi lakini hufanya kazi siku nzima bila kuchoka. Hizo ndizo zinazokupeleka mnadani kwa miguu na kukurudisha. Tena ziko nyuzi za kasi, ambazo huvuta kwa nguvu na kwa ghafla, kisha huchoka upesi. Hizo ndizo za kuruka, za kurusha jiwe, na za kumtoka beki. Umri unapoendelea, nyuzi za kasi ndizo hutangulia kupungua na kuwa nyembamba. Za taratibu hudumu zaidi. Kuanzia miaka 30 hivi mwili huanza kupoteza misuli kidogo kidogo. Wataalamu hukadiria asilimia 3 mpaka 8 kwa kila miaka 10, na hupotea zaidi kwa asiyeufanyisha mwili kazi.

Pamoja na hayo, kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, hupunguza ulaini wake. Kano ya nyuma ya kisigino ni mfano mzuri. Kijana huiamsha kwa dakika mbili tu, lakini mtu wa miaka 35 akiirukia baridi baridi huweza kuikata. Gegedu, ule mto laini ndani ya goti, hauna mishipa ya damu ya kuulisha kama nyama inavyolishwa, kwa hiyo ukichubuka huchelewa sana kupona, na pengine haurudi ulivyokuwa. Hata moyo una mpaka wake. Sisi tulifundishwa hesabu rahisi ya kukadiria: chukua 220, toa umri wako, nayo ndiyo idadi ya mapigo ambayo moyo unaweza kufikia kwa dakika moja. Wa miaka 20 anafika 200, wa miaka 35 anafika 185. Ni makadirio tu, watu hutofautiana, lakini njia ni hiyo hiyo kwa kila mtu.

Utauliza, mbona basi beki wa kati wa timu ile ile ana miaka 36 na bado anacheza vizuri? Ni kwa sababu beki wa kati akipoteza hatua moja ya mbio, husimama hatua moja nyuma zaidi, akasubiri. Macho na akili humlipia deni la miguu. Winga hana mahali pa kusimama nyuma. Kazi yake yote ni ile hatua moja. Ikiondoka, hata chenga zake zote ni bure, kwa sababu beki anamfikia tena. Ndiyo maana walinda mlango hudumu kuliko wote. Juma Kaseja alizaliwa mwaka 1985, na Septemba 2019 alikuwa bado langoni mwa Taifa Stars tulipowatoa Burundi kwa mikwaju ya penalti. Essam El Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, tena akaokoa penalti. Hutasikia winga wa miaka 45 katika Kombe la Dunia.

Katika mambo haya ya kasi na umri, napenda kuwakumbusha mwezi wa nane wa mwaka 2017 mjini London, wakati wa mashindano ya dunia ya riadha. Usain Bolt wa Jamaika, mtu aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 22, alifika London akiwa na miaka 30. Katika mita 100 alipata nafasi ya tatu. Wiki moja baadaye, katika mbio zake za mwisho za kupokezana vijiti, alishikwa na paja katikati ya njia, akaanguka. Dunia nzima ilimwona amelala chini. Mtu aliyekuwa na madaktari, na wakandaji, na viwanja laini, na chakula cha kila aina. Msuli wa nyuma ya paja haukumjali, kama usivyomjali winga wetu.

Sasa, katika mashindano yale yale, siku moja baada ya ile mita 100, kijana kutoka kijiji cha Mampando, wilaya ya Ikungi, katika mkoa wetu huu wa Singida, alikimbia kilomita 42 na kupata medali ya shaba. Huyo ni Alphonce Simbu, na wakati huo alikuwa na miaka 25. Hakuacha. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde, hata ikabidi picha itazamwe kwanza. Alikuwa na miaka 33. Ni Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo.

Msomaji mwerevu ataniuliza: mbona Simbu alimaliza kwa kasi kama ya winga? Ni kweli, alimaliza kwa kasi. Lakini mpeleke katika mita 100 apambane na vijana wa miaka 22 walioamka asubuhi wakiwa hawajachoka, hataonekana. Ile ilikuwa kasi ya mtu aliyebakiwa na akiba baada ya kilomita 42 wakati wenzake wamemaliza yao. Nyuzi za taratibu ndizo zilizomwekea akiba hiyo.

Wazee wetu wa riadha walilijua hili. Filbert Bayi alizaliwa 1953. Mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 akiwa na miaka 20, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya maili moja. Mwaka 1980 huko Moscow medali yake ya fedha hakuipata katika mita 1500. Aliipata katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, mbio ndefu mara mbili. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1953, alipata fedha ya mita 5000 katika michezo hiyo hiyo. Kisha umri ulipozidi alihamia marathoni, akashinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa na miaka 34 na 35. Hao hawakung'ang'ania mbio zilizokuwa zinawaacha. Walizifuata zile ambazo miili yao ilikuwa bado inazikubali.

Lakini marathoni haina mtu wa kukupiga teke. Mpira unaye. Kwa hiyo katika mpira miaka peke yake haitoshi kuhesabia uzee. Wamarekani wana mpira wao, ambao huchezwa zaidi kwa mikono, na kila timu ina mtu ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao kuelekea kundi la watu wakubwa wanaotaka kumwangusha. Anaangushwa hivyo mara 15 au 20 katika mchezo mmoja. Kule huandika katika daftari kila mara anapobeba mpira, kwa misimu yote, na wenye timu huitazama hesabu hiyo pamoja na umri. Mchezaji wa namna hiyo akifikisha miaka 28 hivi, huanza kusita kumpa mkataba mrefu. Mmoja wa mashuhuri wao, Jim Brown, alikuwa bado anaongoza ligi nzima alipoacha mpira mwaka 1966, akiwa na miaka 30 tu. Baadhi ya watu walimwona amekosea. Mimi nikiwa mganga namwona mtu aliyejua kuhesabu.

Huku kwetu daftari hilo hakuna. Nilimwuliza winga wetu amekwisha kuumia mara ngapi. Akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole: kifundo cha kulia mara tatu, goti la kushoto mara moja ("lile la Iguguno"), paja mara mbili kabla ya hii. Kila mara alirudi uwanjani Jumamosi iliyofuata, au ile ya pili yake. Hakuwahi kupumzika wiki tatu kamili tangu akiwa na miaka 17. Tena kumbukeni uwanja wetu wa kiangazi, ule udongo mkavu kama sakafu na vijiwe vyake. Kumbukeni pia kuwa asubuhi ya mchezo mtu alikuwa amepakia magunia ya alizeti kwenye lori. Kwa hesabu hiyo miguu ile si ya miaka 32, ni ya zaidi.

Na msuli uliowahi kuchanika ni rahisi zaidi kuchanika tena. Hilo limethibitishwa mara nyingi na wanaochunguza wachezaji: mwenye jeraha la zamani la nyuma ya paja ndiye aliye katika hatari kubwa ya kupata jipya. Pale pachanikapo hupona kwa kovu, na kovu halivutiki kama nyama. Ukirudi mapema, kovu lenyewe bado ni changa.

Ndipo tunapokuja kwenye sindano. Dawa kama diklofenaki si mbaya kwa kazi yake. Lakini haiponyi nyama iliyochanika. Inazima maumivu, na maumivu ndiyo mlinzi anayekuambia "usipite hapa". Ukimfunga mlinzi mdomo mwizi haondoki. Tena dawa hizo, mtu akizitumia mara kwa mara, huku akikimbia juani bila maji ya kutosha, huweza kuumiza figo na kutoboa tumbo kwa vidonda. Nawaomba wenye maduka ya dawa pia wasikie, maana nikikataa mimi, mchezaji hutoka mlangoni akavuka barabara na kununua vidonge kwa shilingi chache.

Mtu akichanika msuli, afanyeje? Atoke uwanjani hapo hapo, asijaribu "kuupasha". Siku mbili za kwanza ni za baridi, si za moto. Barafu hatuna, lakini mtungi tunao. Chovya kitambaa katika maji ya mtungini, weka juu ya paja dakika 15 au 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji bila kukaza mno, lala ukiwa umeinua mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa. Kina mama na wazee wapendwa, najua mnamkanda kwa upendo, lakini kumkanda kwa maji ya moto na kumsugua siku ile ile kunaongeza damu kuvuja ndani. Chale ndiyo kabisa zisiguswe. Pombe pia asinywe usiku ule, hata kama wenzake wanasherehekea. Kama hawezi kabisa kukanyaga, au umeona shimo kwenye msuli, au goti limevimba na linakwama, mpelekeni hospitali, msimngojee mimi.

Mchaniko mdogo unataka wiki mbili au tatu. Mkubwa unataka wiki sita, nane, au zaidi. Kipimo changu ni rahisi. Kabla ya kurudi kwenye mchezo, mtu aweze kuruka kwa mguu mmoja mara kumi bila maumivu, na aweze kukimbia kwa kasi yake yote, akasimama ghafla, akageuka, siku tatu mbalimbali. Akishindwa mojawapo, bado.

Kuna zoezi moja ambalo nawaomba walimu wa timu walishike, kwa kuwa halina gharama. Mchezaji apige magoti juu ya gunia lililokunjwa. Mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nyuma, amkaze chini. Kisha apeleke kifua mbele polepole, mgongo na mapaja yakiwa yamenyooka kama ubao, ajizuie kwa misuli ya nyuma ya mapaja mpaka ashindwe, ndipo ajidake kwa mikono. Aanze na mara tano, siku mbili kwa wiki, aongeze taratibu. Siku za kwanza mapaja yatamuuma kama aliyelima ekari, nayo ni kawaida. Uchunguzi uliofanywa kwa timu za mpira katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa timu zinazofanya zoezi hili hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Nusu! Kwa gunia na rafiki tu. Na kabla ya mchezo wapashe misuli moto kwa dakika 15 au 20, hasa waliopita miaka 30. Siyo kukaa kivulini na kuvua kandambili refa anapopiga filimbi.

Chakula hatukikosi, tunakidharau tu. Ugali wa uwele au mtama kwa choroko, kunde, dagaa, yai la kuku wetu wa kienyeji, huo ndio ujenzi wa msuli. Mtu wa miaka 30 anavihitaji vyakula hivi kama kijana anavyovihitaji.

Nina neno kidogo kwa vijana wadogo na wazazi wao. Baadhi wamekwisha kunijia wakitaka niwaandikie kuwa kijana ana miaka 16 wakati kadi yake ya kliniki inasema 19, ili achaguliwe. Sitaandika. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na tangu 2009 FIFA hupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya dunia ya umri huo. Lakini hata kama usingekamatwa, nani unayemdanganya? Cheti kitasema una miaka 27, na goti litajua lina miaka 30. Utapewa kazi ya kijana, utaumia, na kila mtu atashangaa kwa nini umechoka mapema.

Kwa maveterani, yaani ninyi mliopita miaka 40 na mnaocheza siku za sikukuu kwa ajili ya mbuzi: njooni zahanati tupime shinikizo la damu kwanza. Kipimo ni cha dakika mbili. Nimekwisha kumzuia mmoja aliyekuwa tayari amevaa jezi, na alininunia wiki nzima.

Walimu wa timu wataniambia, "Daktari, unataka tumtupe mtu aliyetupa vikombe?" Hapana, sitaki atupwe. Roger Milla wa Kameruni alifunga magoli manne katika Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, na yote aliyafunga akiwa ametoka benchi, huku mabeki wamekwisha kuchoka. Kocha wake alijua kuwa dakika 30 za Milla ni dhahabu na dakika 90 ni hasara. Winga wa zamani anaweza kurudi nyuma akawa beki wa pembeni mwenye kujua hila zote za mawinga. Anaweza kuwa kiungo. Au akaingia dakika 20 za mwisho. Tatizo ni kwamba huku kwetu mtu kukaa benchi ni sawa na kutukanwa mbele ya ukoo wake. Watazamaji humzomea mwalimu, mwalimu humwogopa mfadhili aliyetoa dume, na mchezaji huona haya kusema paja linauma. Basi wote wanakuja kwangu nimalize ugomvi kwa sindano.

Nilimwendea yule winga nyumbani kwake mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza. Nilimwambia, "Kaka, siku ile nilikosea. Ningekukatalia." Alinyamaza kidogo, akaendelea kumenya karanga. Kisha akasema, "Ungekataa ningekuchukia. Lakini ningelima." Mkewe alikuwa amekaa mlangoni. Yeye hakusema neno.

Mwaka huu amerudi, taratibu. Jumanne na Ijumaa jioni tunafanya lile zoezi la magoti, yeye ananishika vifundo, nami namshika. Mimi mwenyewe ni beki wa akiba, na kwa miaka yangu 26 bado ananishinda. Upande wa kulia sasa anacheza kijana wa kidato cha nne, mwembamba, anayekimbia kama aliyefukuzwa na nyuki, na yeye anacheza nyuma yake, akimwelekeza kwa sauti mchezo mzima. Watu wengine bado wanalalamika kwamba jezi namba 7 kapewa mtoto.

Jumamosi hii timu inakwenda Gumanga. Yeye ataanza benchi, mwalimu amekwisha kukubali. Mimi nitakwenda na bandeji mbili na mtungi wa maji kwenye pikipiki, na sanduku la sindano litabaki limefungwa zahanati.